Jicho Kavu Katika Baraza la Azmani

Katika nchi ya Azmani bango la duka halisemi kinachouzwa ndani. Linasema kwa nini duka lilifunguliwa. Niligundua hilo siku niliyofika, nilipotoka kutafuta sindano na uzi kwa sababu pindo la gauni langu lilikuwa limefumuka. Duka la kwanza liliandikwa KWA AJILI YA VIZAZI VIJAVYO. Walikuwa wanauza kufuli. La pili, NDOTO YA MTOTO WA MKULIMA, lilijaa matairi. La tatu liliitwa NILIMWAHIDI MAREHEMU. Nilisita mlangoni nikidhani ni la sanda, kumbe ni la keki za harusi.

Mwenye keki, mama mnene mwenye miwani, alinisogezea kiti.

"Karibu, keti."

"Asante, sikai. Nauliza tu wanakouza sindano."

"Utauliza, mama. Kwanza marehemu."

Ndiyo sheria yao. Mteja haulizi bei wala haonyeshwi bidhaa mpaka asimuliwe nia ya mwenye duka tangu mwanzo hadi mwisho. Nikaketi. Marehemu alikuwa shangazi yake, alipenda keki, na alikufa taratibu. Mwishoni nikapewa kipande nionje. Kilikuwa kigumu kama mche wa sabuni, nikasema hivyo.

"Lakini nia umeisikia?" aliniuliza.

"Nimeisikia."

"Basi," akasema, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua keki ni kitu gani.

Sindano niliipata jioni katika duka la TUTASIMAMA TENA, nyuma ya makopo ya rangi.

Nilikwenda Azmani kufanya kazi. Nchi hiyo huajiri wageni kila msimu wa mashauri ya Baraza la Nia, na kazi yenyewe ina malazi na chakula. Watoto wangu walikuwa likizo kwa shangazi yao. Nikaona afadhali hiyo kuliko kubaki nyumbani nikipanga kabati.

Mashauri yenyewe yako hivi. Azmani huwezi kufungua hata genge la nyanya bila kibali cha Baraza. Mwombaji husimama mbele ya wajumbe akaeleza kinachomsukuma kuanzisha biashara. Haulizwi mtaji, haulizwi wateja wake ni nani, haulizwi kama kazi anaijua. Bidhaa hairuhusiwi kabisa kuingia ukumbini. Niliambiwa inaweza kuwapotosha wajumbe. Akimaliza kusema, karani huchukua kitambaa cheupe akakigusisha kwenye macho ya mgeni aliyepangiwa shauri hilo, kisha akakiinua dirishani kila mtu aone. Kitambaa kikilowa, nia ni ya kweli na kibali kinatoka. Kikibaki kikavu, mwombaji arudi alikotoka. Wanatumia wageni kwa sababu mgeni hana ndugu mjini wala ugomvi na mtu.

Tulikuwa wageni wachache. Aliyependwa kuliko wote ni Bwana Lubinza, mzee wa makamo aliyetoka nchi ya jirani, ambaye alikuwa analia mwombaji akiwa bado anakohoa kusafisha koo. Kila mtu aliomba apangiwe yeye. Waombaji walimletea kuku.

Mimi sikuletewa kitu. Silii ovyo. Nimezaa watoto wanne, nimewazika wazazi wangu wote wawili, na katika misiba yote miwili mimi ndiye niliyekumbuka kuagiza maturubai. Alikuja kijana aliyetaka kufungua kiwanda cha viberiti ili kuangaza bara zima. Karani akainua kitambaa kikavu. Akaja bwana aliyeota akiwa na miaka sita kwamba atauza mabati, kikavu. Mjini wakaanza kuniita Jicho Kavu, na watoto walinikimbilia barabarani kunichungulia usoni.

Mwenyekiti wa Baraza, Profesa Ngwali, alikuja mwenyewe nyumba ya wageni kunitazama. Alikuwa mtu mpole, mwenye kanzu iliyonyooshwa vizuri sana.

"Mama Tausi," aliniambia, "huko kwenu watu wanasukumwa na nini kufungua biashara?"

Nilimjibu kwa jinsi ninavyowajua. Jirani yangu mmoja alipunguzwa kazini. Mwingine aligombana na mama mkwe, akatafuta mahali pa kushinda mchana. Shemeji yangu alirithi cherehani akaona si vizuri ikae bure. Binamu yangu anauza mafuta ya taa kwa sababu yule aliyekuwa anauza zamani alihama.

Profesa alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Na mnawaruhusu?"

"Hatuwaulizi. Tunauliza bei."

"Hatari sana," alisema. "Hebu fikiri. Tukimruhusu mtu mmoja afungue duka kwa sababu amechoka kutumwa, kesho atatumwa nani? Sababu za namna hiyo sisi tunaziita sababu za jikoni. Mtu abaki nazo huko huko jikoni. Sisi tunataka nia inayompita mtu mwenyewe."

"Na mkate ukiwa mbaya?"

"Mkate upi?" aliuliza, na niliona hakuwa anatania.

Nyumba tuliyokaa ilikuwa na bango la KIMBILIO LA MSAFIRI ALIYECHOKA. Mwenyewe, Bwana Tamimu, aliwahi kulieleza Baraza kwamba alipokuwa mdogo alimwona msafiri ameketi juani, akaapa. Kila mtu mjini alijua kwamba nyumba aliiachiwa na baba yake mdogo. Kwa sasa Bwana Tamimu alikuwa mjumbe wa Baraza, mwanamume mwenye sauti nene aliyekaa bafuni muda mrefu kila asubuhi akiimba.

Aliyefanya kazi ni Mwatumu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwepesi wa mikono. Alipika, alifua mashuka, alifagia, alipokea wageni. Mara ya kwanza nilipoketi kula, maharage hayakuwa na chumvi, nikamwomba.

"Ngoja nikamwombe bwana ruhusa," alisema.

"Ruhusa ya chumvi?"

"Kipimo anakipanga yeye."

Alikwenda, akakaa, akarudi na chumvi kidogo kwenye kijiko. Maharage yalikuwa yamepoa. Nilichunguza nikaona ni hivyo kwa kila kitu. Mwatumu aliomba ruhusa kuanika mashuka upande wa jua. Aliomba ruhusa kufungua dirisha. Aliomba ruhusa kuomba ruhusa, kwa maana alibisha hodi kwanza na kuuliza kama anaweza kuuliza.

Siku Bwana Tamimu alipokwenda kuzindua bango la mtu, Mwatumu alitupikia kitu kingine. Niliamka nikakuta mezani mkate wa kumimina, wa mchele uliolowekwa na kusagwa, tui zito, iliki, umewekewa moto juu na moto chini mpaka ngozi ikawa na rangi ya asali. Ndani ulikuwa na matundu madogo madogo, laini. Nilikula kipande, nikala kingine, nikamwita.

"Huu nani kakufundisha?"

"Nimejifunza kwa kuunguza."

"Unauzwa wapi?"

Akacheka, akatazama mlangoni. "Ndiyo nimepeleka maombi barazani, mama. Bwana bado hajajua."

Alijua siku majina yalipobandikwa. Jioni hiyo Mwatumu alikuja chumbani kwangu na mashuka ambayo hayakuwa na haja ya kubadilishwa.

"Mama Tausi, nimeangukia kwako."

"Nimeona."

"Niliomba Mungu anipe Bwana Lubinza."

"Kila mtu aliomba hivyo. Haya keti, niambie utasema nini."

Alifunga mlango akasimama wima kama mtoto wa shule. Akaanza kusimulia habari za babu yake, ambaye wakati wa njaa kuu alivuka mlima akiwa amebeba mkate mmoja, akaulisha kijiji kizima, na wakati wa kukata roho akasema: Wajukuu zangu, okeni.

"Nani kakutungia huu upuuzi?"

"Fundi Sefu." Mafundi wa sababu wako wengi Azmani, wanakaa nyuma ya jengo la Baraza na vibao vyao vya kukalia. "Ni fundi mzuri, mama. Yule wa matairi alishonewa na yeye."

"Na babu yako mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kwake, anafuga mbuzi. Mkate hataki hata kuuona, anasema unamjaza gesi."

Nilicheka. Mwatumu naye alicheka kidogo, halafu akaacha.

"Usicheke mama. Nisipopata kibali nitabaki kwake mpaka nizeeke. Na sasa anajua nilitaka kuondoka."

Nilimwambia waziwazi kwamba babu wa mlimani hatanitoa chozi. Nikamwambia pia kwamba nitapaka kitunguu kwenye ukingo wa mkono wa gauni na mambo yaishe. Mimi ni mtu wa kutatua jambo, na nilikuwa nimekula ule mkate.

"Msimu wa mashauri vitunguu haviuzwi," alisema Mwatumu. "Hujaona mchuzi ulivyo? Na mlangoni wananusa mikono."

Nilikuwa nimeona mchuzi ulivyo. Nilidhani ni umaskini.

"Basi niambie ya kweli," nikasema. "Kwa nini unataka kuuza mkate?"

Alikunja shuka ambalo lilikuwa limekunjwa tayari.

"Ni sababu ya jikoni," alisema. "Hawaikubali." Akatoka.

Ukumbi wa Baraza ni mkubwa, una madirisha marefu kwa ajili ya kitambaa. Mlangoni askari alininusa viganja na mikono ya gauni. Wajumbe walikaa safu ya mbele na Bwana Tamimu alikuwa kati yao. Nilimuuliza Msajili, Bwana Hamdani, kama mwajiri anaruhusiwa kuamua shauri la mtumishi wake.

"Nani anamjua mtumishi kuliko mwajiri?" alinijibu, akaendelea kupanga kalamu.

Mwatumu aliitwa. Alikuwa amevaa vizuri, kilemba kimekaa. Alianza na njaa kuu. Alisema vizuri, Fundi Sefu alikuwa amemfundisha pa kushusha pumzi. Alipofika kwenye mlima, watu wa nyuma walianza kujipangusa, na Bwana Lubinza, ambaye hakuwa na shauri siku hiyo, alikuwa ameshalowa mpaka kidevuni. Mimi nilikuwa nafikiria jinsi mkate mmoja unavyoweza kulisha kijiji, na kama ulikatwa vipande au ulimegwa.

Hapo Bwana Tamimu akainua kidole.

"Sauti," alisema. "Ongeza sauti, hatukusikii."

"Samahani bwana," alisema Mwatumu, na akainama kidogo. "Naomba niendelee?"

Hakuna aliyeshtuka. Lilikuwa jambo la kawaida. Lakini Mwatumu mwenyewe alisimama pale mdomo ukiwa wazi, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa barabarani. Alimtazama Bwana Tamimu. Kisha akamtazama Mwenyekiti.

"Babu yangu hakuvuka mlima," alisema.

"Ati nini?" aliuliza Msajili.

"Babu yangu ana mbuzi. Niacheni niseme yangu."

Profesa Ngwali alimpa ishara kwa kalamu aendelee. Mwatumu akasema, na safari hii hakushusha pumzi mahali popote.

"Mwanangu Riziki alianguka shuleni akavunjika mkono. Akatumwa mtu aje kuniita. Nikaenda kumwomba bwana ruhusa. Bwana alikuwa anaoga. Nikabisha, akasema ngoja. Nikangoja. Alikuwa anaimba. Wimbo ukaisha, nikabisha, akaanza mwingine. Mtu wa shule akanisubiri getini mpaka akachoka akaondoka. Mimi nikabaki pale mlangoni, nimeshika taulo lake, kwa sababu alisema akitoka nimpe taulo. Alipotoka akaniruhusu. Alisema, nenda tu, si ungeniambia ni mtoto. Nilipofika, jirani alikuwa ameshampeleka hospitali na kumrudisha, mkono umeshafungwa, mtoto anakula chungwa."

Alikitazama kitambaa mkononi mwa karani.

"Riziki hakuniuliza nilikuwa wapi. Mpaka leo hajaniuliza. Alishajua mama huwa haji. Basi. Ndiyo sababu yangu. Nataka kuuza mkate ili nikiitwa, niondoke."

Kwanza walicheka, kwa sababu ya nyimbo. Mjumbe mmoja alimgusa Bwana Tamimu bega akamuuliza aliimba nini. Bwana Tamimu alikuwa ameiva masikio kwa aibu, akasema kwa sauti kwamba ruhusa ilitolewa, kila mtu amesikia ruhusa ilitolewa. Kisha Profesa Ngwali akagonga meza.

"Ni sababu ya jikoni," alisema kwa upole. "Lakini taratibu ni taratibu. Karani, kitambaa."

Karani alikuja. Najua watu wengi watataka nieleze kwamba nililia. Mimi ni mama, nilikuwa nimelisikia kila neno lile, na nimewahi kusimama katika ofisi nikingoja bwana fulani amalize chai yake. Lakini sikulia. Taya zilinikaza, vidole vya miguu vikajikunja ndani ya viatu, na kama Bwana Tamimu angekuwa karibu ningemfikia. Macho yalikuwa makavu kama mkaa. Karani alikigusisha kitambaa upande huu na upande huu, akakiinua dirishani. Kilikuwa cheupe na kikavu kabisa.

Mwatumu alitazama chini.

"Naomba kusema," nikasema.

"Mgeni hasemi," alijibu Msajili.

"Nitasema hivyo hivyo. Mwanamke akinisimulia habari hiyo, mimi silii. Nakasirika. Tazama taya zangu zilivyokaza. Nimeguswa kuliko mtu yeyote aliyelia hapa msimu mzima."

Ukazuka mjadala, na lazima nikiri ulikuwa mjadala wa heshima. Mjumbe mmoja alisema hasira nayo ni ushahidi wa mwili. Mwingine akauliza itapimwa kwa kitambaa gani. Wa tatu, mzee mwenye fimbo, alisema hasira ikikubaliwa, waombaji wataanza kuwatukana wageni ili wapate vibali. Bwana Lubinza alisimama kule nyuma, uso wote maji.

"Mimi nimelia!" alipiga kelele. "Chukueni yangu!"

"Keti, Bwana Lubinza," alisema Msajili. "Machozi yako ni ya shauri la kesho."

Mwishowe Msajili alifungua kitabu cha sheria akasoma kwa sauti moja tu, bila ubaya wowote: "Biashara isiyo na nia iliyothibitishwa haipo. Haitaandikwa, haitatozwa, haitalindwa, haitapewa mlango sokoni wala bango. Mtumishi wa Baraza hataitambua." Akafunga kitabu. Shauri likaisha.

Bwana Tamimu alisimama akinyoosha koti lake. Alikuwa amerudiwa na sauti yake.

"Mwatumu. Rudi jikoni, wageni hawajala."

"Leo sirudi."

"Nani amekuruhusu?"

Mwatumu alifikiri swali hilo kwa makini, kama aliyelielewa kuwa ni swali la kweli.

"Hakuna," alisema, akatoka kwa mlango wa mbele.

Tulikula viporo jioni ile, tena bila chumvi.

Nilidhani ataondoka mjini. Siku chache baadaye nilipita mtaa wa nyuma ya shule, nikasikia harufu ya iliki. Mwatumu alikuwa ameketi nje ya uzio wa shule, sufuria mbili mbele yake, makaa juu na makaa chini. Hakuwa na meza wala bango. Mwanamume mmoja alikuwa amesimama mbele yake na kikapu, ametulia, anangoja.

"Sasa?" alisema yule bwana.

"Sasa nini?"

"Nia."

"Mkate ni huu. Unataka robo au mzima?"

Yule bwana alitazama kushoto na kulia. Nadhani hakuwahi katika maisha yake kununua kitu bila kusimuliwa. Akanunua robo, akaondoka hatua chache, akaonja, akarudi kwa mzima.

Nikamuuliza Mwatumu kama haogopi kukamatwa.

"Watanikamataje? Subiri uone, yule anakuja."

Alikuwa ofisa wa Baraza, na daftari. Alifika, akapunguza mwendo, akatazama mahali fulani juu ya kilemba cha Mwatumu. Nilielewa taabu yake. Akimtoza faini lazima amwandike. Akimwandika lazima aandike nia. Nia haikuthibitishwa, kwa hiyo hakuna wa kuandikwa. Ofisa aliruka makaa kwa uangalifu ili asiunguze suruali, akaendelea na safari. Baada ya muda akapita tena kutoka upande wa pili, bila daftari, akanyoosha mkono pembeni huku akitazama mti, akapewa kipande, akaacha pesa juu ya kifuniko.

"Kila siku?" niliuliza.

"Yeye na wenzake. Profesa anamtuma dada wa kazi."

Sitaki kusema ilikuwa neema tupu. Kutokuwepo kuna gharama zake. Mvua ikinyesha hana paa, na paa hawezi kuomba. Wiki moja mtu alimwibia sinia na mikate yake. Alikwenda kituoni akaambiwa hawawezi kuandika wizi wa kitu kisichokuwepo, halafu askari akamuuliza kesho atapika mingi? Hawezi kukopa. Anaamka mapema kuliko alipokuwa kwa Tamimu, na viganja vyake vilikuwa na alama za moto.

"Inalipa?" nilimuuliza.

"Kuna wiki inalipa. Kuna wiki nakula mkate wangu mwenyewe." Alichochea makaa. "Kwa Tamimu nilikuwa na uhakika wa mwisho wa mwezi, sikatai."

"Na Riziki?"

"Yuko humo ndani." Alionyesha uzio kwa kidevu. "Wakitoka mapumziko ananiona. Jana alikuja kunionyesha jino linatikisika. Akakaa. Hakuwa na haja nyingine, alikaa tu."

Yule kijana wa viberiti, niliyemkaushia kitambaa, alianza kuuza viberiti vyake pembeni ya Mwatumu. Wa mabati alifuata. Hadi mwisho wa msimu, mtaa ule wa nyuma ya shule ulikuwa umejaa biashara ambazo hazipo, na watu walikwenda huko kwa sababu unaona kinachouzwa, unauliza bei, unaondoka. Baraza lilikaa kikao kuhusu hali hiyo. Profesa Ngwali alinieleza kwa masikitiko kwamba mjadala ulikwama kwenye hoja ya kwanza, maana hawakuweza kukubaliana kwamba kuna jambo la kujadiliwa. Alikuwa na makombo ya mchele kwenye ndevu.

Sikuajiriwa kwa msimu uliofuata. Waliniambia bila kuzunguka, nami sikuwalaumu. Mtu wa kazi ya maji akija na mawe, unamrudisha.

Asubuhi ya kuondoka nilipita nyuma ya shule na mfuko, nikitaka mikate miwili ya njiani na mmoja wa kuwapelekea watoto. Nilikuta foleni ndefu na hakuna moshi. Makaa yalikuwa baridi. Sufuria zilikuwa zimefunikwa na kuegeshwa ukutani. Watu walikuwa wanalalamika kwa sauti.

"Hata taarifa hakutoa!"

"Mimi nina wageni nyumbani, niwape nini sasa?"

Karibu na mbele ya foleni alisimama Bwana Hamdani, Msajili, amefunika uso kwa gazeti. Nadhani njaa ilimsahaulisha yuko wapi, kwa sababu alilishusha gazeti akamgeukia kijana wa viberiti.

"Hajafungua kwa sababu gani?" aliuliza.

Kijana alikuwa anapanga viberiti vyake juu ya gunia.

"Walikuja kumwita," alisema. "Akaondoka. Sababu hakusema."

Bwana Hamdani aliendelea kusimama, akingoja hadithi iliyobaki. Haikuwepo. Nikakunja mfuko wangu, nikaondoka na njaa.